Chafya ya Mtoto

Hyattsville, Maryland

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe, alizaa salama? Sisi tu wazima. Baba mtoto, Kiprotich, bado anafanya kazi kule kwenye ghala, na mtoto ananyonya mpaka njaa nasikia mimi. Barua hii nimempa Irene, anayekuja huko likizo, akuletee, maana maneno mengine kwenye simu hunikwama.

Mama, chini yetu anaishi kijana anaitwa Ethan. Nywele zimefika kiunoni, mikono imechorwa mafuvu, lakini ndiye hunibebea kigari cha mtoto kwenye ngazi. Yeye na wenzake hupiga muziki wa kelele, mwimbaji ananguruma tu. Kiprotich husema huyo anunuliwe dawa ya kifua. Ethan alinieleza wanatengeneza albamu, kila wimbo ni wa muuaji mmoja, watu wa kweli. Nikamwambia kwetu mtu huimbiwa akioa. Alicheka sana.

Juzi nilikuwa nampaka mtoto mafuta. Jina la kizungu analo, Violet, lakini la nyumbani tulikuwa tunawangoja wamama wazee wa Kipsigis wa hapa kanisani waje waite majina ya waliotangulia, vile ulivyotuitia sisi, mpaka apige chafya kwa jina la huyo aliyerudi kwake. Chini kwa Ethan wakaanza kupiga. Mwimbaji akapaza jina, akalirudia. Mama, lilikuwa la yule mtu aliyemuua dada Chebet. Sitaliandika. Unajua alishafia gerezani. Na hapo hapo mtoto akapiga chafya.

Sikumwambia Kiprotich. Nikawa namnyonyesha mtoto huku nimeangalia ukuta. Mwishowe nilishuka kwa Ethan, nikamuuliza kama anawajua waliouawa na huyo mtu. Akasema wimbo unataja walikuwa wangapi, basi. Nikamwambia mmoja ni dada yangu, alikuwa akitunza wazee Upper Marlboro, na chai yake ilikuwa sukari tupu. Akakaa chini pale pale kwenye ngazi. Alisema walitaka kutisha watu tu, hawakufikiria waliouawa wana watu wao. Anataka wimbo uondolewe kwenye albamu, wenzake wamekataa.

Sasa Mama, usinikasirikie. Ulikataza Chebet asiitwe, ukasema aliyekufa kwa kisu haitwi kwa mtoto. Jumapili wamama waliita bibi zetu wote, mtoto kimya. Nikamwita Chebet mwenyewe. Walinitazama vibaya, nikamwita tena na tena. Hakupiga chafya.

Labda sauti yangu haikufika. Wewe ndiye uliyemzaa, na tangu azikwe hujamtaja hata siku moja. Ukimaliza kusoma, mwambie Irene anipigie ile simu ya kuonana. Mtoto nitampakata, nimsogeze karibu. Umwite Chebet. Hata asipopiga chafya, nataka alisikie jina hilo kwako kabla wimbo haujatoka.

Mjomba Clement na wote hapo nyumbani wape salamu zangu, na goti ulikande na maji moto.

Mimi binti yako aliyebaki,
Chepkoech