Plazma ya Umm Ghazwan

Baba,

Wali uko chunguni, mchuzi wa bamia upashe moto. Chai ya ndimu kavu usiitie sukari, nitajua.

~~Baibui la Mama liloweke.~~ Liache nyuma ya mlango. Bado lina harufu yake.

Nimekwenda hospitali, ingawa asubuhi ulinikatalia mbele ya Ghazwan. Alisimama langoni akilia: "Dada, mama yangu anakata roho. Wanataka plazma, maji ya damu ya mtu aliyepona korona, na katika mtaa mzima aliyepona ni wewe tu." Ukamjibu: "Mama yako huosha kila mwanamke anayekufa hapa, lakini wa kwetu alipokufa kwa korona, alikataa kumwosha akakimbia. Leo anataka damu ya binti yangu?"

Kweli, Baba. Mimi pia sijamsamehe. Mama alizikwa na jasho lake la homa, na hilo litaniuma mpaka kaburini.

Lakini mwoshaji tunaye huyo mmoja. Akipona, hatauogopa tena ugonjwa huu, na mama wa mwenzangu atazikwa ameoshwa.

Usitie komeo mlangoni, tafadhali.

Binti yako mkaidi,
Nawras