Injini ya Tatu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini wewe na mama mko wazima, mgongo wake umepata nafuu, na cherehani yako mpya imeacha ukorofi wa kukata uzi. Mimi mwili mzima, ila nina neno la kukwambia tangu Jumatatu. Uliponipigia kuniambia umekata tiketi mbili za basi, na kwamba mama keshachagua gauni la kuvaa kwenye maonyesho ya michezo ya kompyuta, nilisema vizuri sana, kisha nikakata simu nikisingizia betri. Betri ilikuwa imejaa. Ndiyo maana naandika na kumpa dereva wa basi la asubuhi bahasha hii. Kwenye simu ungenikatiza kwa kicheko, nami ningefurahi kupata nafasi ya kunyamaza.

Unakumbuka tulivyoanza. Nilikujia na wazo la mchezo wa kompyuta: mwanamke anapandisha ndoo ya maji hadi ghorofa ya saba, lifti imekufa, na kila ghorofa kuna jirani anayemsimamisha kwa maneno huku maji yakimwagika. Ulicheka, ukasema huo si mchezo, hayo ndiyo maisha yako. Halafu ukachukua penseli. Ulichora nyuma ya karatasi za kukatia mitindo, baina ya sketi moja na nyingine: jirani mwenye taulo kichwani, fundi umeme anayeogopa ngazi, bibi anayeuliza swali moja mara tatu. Mtu mmoja kutembea tu kulitaka picha nane. Bandu bandu, ukamaliza ghorofa tano.

Uliwahi kuniuliza injini ya mchezo ni kitu gani, nikakujibu kwa mikogo mpaka ukajuta kuuliza. Kwa ufupi ni programu inayobeba mchezo wote. Ndiyo inayojua mtu akiteleza ataangukia wapi, na mlango ukifunguliwa utoe sauti gani. Kubadilisha injini kazi ikiwa katikati ni kufumua gauni lililobakiza vifungo tu. Mimi nimelifumua mara mbili.

Mara ya kwanza nilikwambia sababu ni kampuni yenye ile injini, kwamba imetangaza masharti mapya ya kutubana sisi wadogo. Hilo lilikuwa kweli. Siku ile ofisini kwetu, kwenye chumba tunachochangia watu sita na feni moja, hakuna aliyefanya kazi. Jamaa wa meza ya dirishani tunayemwita Profesa, anayezijua injini zote na hajawahi kumaliza mchezo hata mmoja, alitangaza kwamba atakayebaki humo anajichimbia kaburi. Basi nikahamia injini ya pili, na huko maji yakawa yanapita kwenye kitako cha ndoo. Nilihangaika nayo miezi mitatu. Profesa akanishauri injini ya tatu, ya picha za pande tatu, nikahama tena. Nikakwambia michoro yako haiwezi kuingia huko, kwamba mashine ndivyo ilivyo. Ulinijibu kwamba kazi ni kazi, ukarudi kwenye sketi zako.

Barua ya kukubaliwa kwenye maonyesho ilipokuja nilikupigia saa ile ile, lakini sikukusomea yote. Waamuzi wameandika kwamba kilichowavutia ni wale majirani wa penseli. Video niliyowapelekea nilipoomba nafasi ilikuwa ya zamani, ya injini ya kwanza. Kwenye kompyuta yangu sasa hivi hakuna mchoro wako hata mmoja. Nina majirani niliowapakua wakiwa tayari, wanaotabasamu hata wakifokewa. Jumanne nilimwomba mama anayesafisha ofisi yetu, aliyewahi kuucheza ule wa zamani, aujaribu. Alipanda ghorofa mbili, akaweka kipanya chini, akauliza yule bibi mwenye swali lake amehamia wapi. Nikasema amesafiri. Ona nilipofika, dada, nadanganya hata kuhusu safari za mtu wa penseli.

Kila nikifikiria wewe na mama mmesimama mbele ya meza yangu ya maonyesho, mama akitafuta mkono wa binti yake kwenye kioo cha kompyuta na asiuone, natamani maonyesho yaahirishwe.

Sasa niseme lililonifanya nikate simu, maana njia ya mwongo ni fupi na yangu imekwisha. Kampuni ile iliyafuta masharti yake baada ya siku kumi na moja. Nilijua, na sikuwa nimehamisha faili hata moja. Na michoro yako ingeingia injini yoyote duniani, mchoro ni mchoro. Wiki moja kabla ya yale masharti nilikuwa nimewaachia wenzangu ofisini waujaribu mchezo. Walicheka mpaka machozi. Mimi nilisimama nyuma yao nikingoja mmoja aseme lolote kuhusu zile ngazi, au uzito wa yale maji, kazi iliyonila mwaka mzima. Wote waliuliza jambo moja tu: nani anachora? Profesa akasema picha ndizo mchezo wenyewe, mengine ni mabomba tu. Nilicheka pamoja nao.

Nilikuonea wivu, dada. Wewe unayechora ukingoja pasi ipate moto. Masharti yale yalipokuja niliyapokea kama rehema, nikawa natafuta injini ambayo mkono wako hautahitajika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii ulinishonea mwenyewe.

Nimerudi kwenye injini ya kwanza. Mchezo unafika ghorofa ya tano na kukwama, kwa sababu ya sita haijachorwa. Lakini mpaka hapo mwanamke anapanda vizuri na maji yanamwagika inavyotakiwa. Ndani ya bahasha kuna flashi yenye michoro yako yote na mchezo ulivyo sasa. Waandaaji wanataka faili la mwisho Alhamisi ijayo. Ukikubali, nitaweka mlango pale ghorofa ya tano, mchezo uishie hapo, na kadi ya mezani iandikwe majina mawili, lako likitangulia. Ukikataa, nitawaandikia kwamba najitoa. Wale majirani wa kupakua sitamwonyesha mtu. Nakuomba usinifunikie makosa kama ulivyozoea tangu utotoni. Ukiwa na hasira, jibu ukiwa nayo hiyo hiyo.

Mpe mama pole ya mgongo, na majirani wote wasalimie. Najua atataka umsomee barua hii, maana miwani yake haimfai tena. Msomee yote, dada. Ukifika pale penye wivu usiruke, wala usishushe sauti. Akishasikia, kama bado analitaka lile gauni, nitakuwa stendi kabla basi lenu halijafika.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba