Fulana Chini ya Mto

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika salama ughaibuni. Chumba kidogo, dirisha halifunguki. Baada ya chakula mama mwenye nyumba ameweka sahani sakafuni, mbwa akazilamba zote, ndipo akaziosha. Na kuosha kwenyewe! Hasuuzi – sahani inaanikwa na povu lake. Nimesema kesho sitakula, nikasingizia tumbo. Akacheka: eti mbwa wake ni msafi kuliko wanaume wengi. Nimekula biskuti chumbani. Mtandio wa marehemu mama uko sandukuni, kwenye mfuko wa nailoni. Sijaufungua. Harufu yake imebaki kidogo, nisiimalize.

Jumatano, 5 Machi
Kazi ya kujitolea imeanza, nyumba ya wazee. Hapa mtu anaitwa kwa namba ya chumba! Wangu ni Bibi Kumi na Mbili. Niliinama kumsalimu – akadhani nimeangusha kitu, naye akainama kunisaidia kutafuta. Kisha kuwaogesha. Tambara moja, mwili mzima, na halianzii usoni. Nilikimbilia chooni kutapika. Mwenzangu wa zamu, dada mnene mwenye maneno, akagonga mlango: kama ni mimba sema mapema, sisi tuko wachache.

Ijumaa, 7 Machi
Chini ya mto wa Bibi nimekuta fulana ya kiume. Kola ya njano, kwapa zimekauka kama ngozi, jasho la zamani linanuka mpaka mlangoni. Uchafu gani huu! Humu hakuna mwenye pua? Nimeiloweka, nimeifua mara tatu kwa dawa ya madoa, nimeipiga pasi. Nyeupe pe! Nimeirudisha Bibi akiwa kwenye mazoezi. Mama angesema mikono yangu ina baraka.

Jumamosi, 8 Machi
Hajala. Fulana puani tangu asubuhi. Ananusa kwapa, ananusa kola, anaigeuza, anaanza upya. Iko mkononi mwake naye bado anaitafuta.
Dada mnene akanivuta koridoni. Hakufoka – afadhali angefoka. Akaninong'oneza: ni ya mumewe, kafa mwaka wa nne huu. Kila siku ya kufua tunairuka, mdogo wangu, wote tunajua. Ulishindwa hata kuuliza?
Nilishindwa. Mimi, mwenye mfuko wa nailoni sandukuni! Nyani haoni kundule.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya tatu, chai tu. Msimamizi anasema akiendelea hivi atapelekwa hospitali, awekwe mrija puani. Jioni mama mwenye nyumba kanipa sahani yenye povu. Nimekula. Ningekataa kwa uso gani?

Jumanne, 11 Machi
Nimempelekea mtandio. Nikamwambia: huu si wako, Bibi, ni wa mama yangu, nusa kidogo tu. Akaupokea kwa mikono miwili, akafunika uso. Halafu – chafya! Mate, makamasi, palepale kwenye pindo lenye mafuta ya nywele ya mama. Nikauvuta. Akaukaza.
Kisha akafungua mdomo. Uji. Vijiko saba, nimehesabu.
Nilipogeuka kuweka bakuli, mtandio ulikuwa chini ya mto. Nimerudi na mfuko mtupu. Nimeunusa. Nailoni.

Alhamisi, 13 Machi
Siku ya kufua. Jana Bibi kala sahani nzima. Nimewahi ili niuchukue mtandio kabla toroli la nguo chafu halijafika. Nimeinua mto: mtandio umeganda makamasi, una uji, unanuka mdomo wa mgonjwa. Sitaki hata kuugusa. Wala sitaki uguswe.
Dada mnene kachungulia. Hilo tambara nalo linanuka, mdogo wangu! Tulifue, tuliruke, au unaondoka nalo? Nikamwambia amalize kwanza chumba kumi na moja. Naandika hapa, nimeegemea kitanda. Bibi kaurudisha mto, kaulalia kwa kiwiko, ananitazama. Sasa anainama polepole kuelekea sakafuni, anapapasa karibu na viatu vyangu – ananisaidia kutafuta.
Toroli linatoka kumi na moja.