Mfuniko wa Mama Mkwe

Nimekwisha. Narudia, NIMEKWISHA.

Unalikumbuka lile gitaa la umeme la ubao mzima usio na uwazi ndani, lenye sahani ya bati kifuani ya kuvumisha sauti? Sahani ilinipasukia jana. Nikachukua mfuniko wa sufuria jikoni, nikaugonga ukawa mwembamba, nikaupachika. Nani angejua?

Sasa mteja mwenye gitaa yuko hapa karakana. Kapiga uzi mmoja tu, kafumba macho. "Fundi, sahani hii umeitoa wapi?"

Nikasema imeagizwa. IMEAGIZWA! Mdomo wangu huu!

Papo hapo mama mkwe akaingia na sufuria isiyo na mfuniko. Hata salamu hakuna. Mteja akapiga tena, mama akatega sikio.

"Mwanangu, hiyo sauti naijua. Huwa naisikia ukidokoa nyama."

Ukidokoa nyama! Mbele ya mteja!

Niko chini ya meza, najifanya natafuta bisibisi. Mteja kakumbatia gitaa, mama kakumbatia sufuria, na wote wamesimama mlangoni. Hakuna anayetoka bila chake.

Njoo mbio na mfuniko mwingine wa kumpa mama. Ila uugonge kwanza usikie unavyolia, maana mama ana sikio kuliko bendi nzima.