Mwalimu Aliyeongea na Darasa Tupu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, ingawa moyo umechoka kidogo, na sababu utaiona huko mbele. Goti lako linaendeleaje? Kaka aliniambia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi. Halafu akaongeza kwamba umeanza kubishana na daktari, ndipo nikajua umepona kabisa. Baba naye mwambie miwani ni ya kuvaa usoni, si ya kutunza mfukoni.

Barua yako niliipata. Kuhusu yule mwalimu mgeni, uliniambia nimwangalie vizuri kwa sababu kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilimwangalia, Mama. Nilimwangalia mpaka macho yakaniuma. Sasa nikusimulie yote tangu mwanzo, maana mara ile niliandika kwa haraka, na tangu hapo mengi yametokea.

Aliletwa kwa uhamisho kufundisha hesabu darasa la sita, chumba kilichopakana na changu. Siku ya kwanza alifika amebeba maboksi ya viatu yaliyofungwa kamba, akayapanga kabatini, akatia kufuli lake mwenyewe. Kufuli! Sisi kabati zetu hata milango hazina. Kabla hatujamaliza chai ya mapumziko tulikuwa tumeshambatiza Bwana Maboksi.

Ofisini hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia, anaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Ukimuuliza habari za nyumbani, anatabasamu, halafu ghafla anakumbuka ana kazi mahali. Wewe unajua ofisi ya walimu ilivyo: asiyesema huwa anasemwa. Mwalimu wa jiografia aliapa kwamba yule ni jicho la wakubwa, ametumwa kutuchunguza nani anachelewa na nani anasinzia. Mlinzi wa geti akasema hapana, mtu anayeingia darasani peke yake alfajiri na kujifungia hana jema analolifanya humo, na kwamba yeye akipita karibu na dirisha lile husoma dua.

Mimi nilikuwa na ushahidi kuwazidi wote, kwa sababu ya ukuta wetu. Ni ukuta mwembamba, ukikohoa upande huu upande wa pili wanakwambia pole. Asubuhi moja niliwahi kazini nikamsikia. Mtu huyu ambaye hatujapata kusikia sauti yake ofisini alikuwa anaongea, tena kwa sauti nzuri ya kutuliza. Alikuwa anauliza swali, ananyamaza, halafu anasema, "Vizuri sana. Nani ana jibu lingine?" Ananyamaza tena. "Hebu njoo utuonyeshe."

Mama, nywele zilinisimama. Shule nzima ilikuwa tupu, uwanja bado una umande. Alikuwa anamfundisha nani? Nikavua viatu, nikanyata barazani, nikausukuma mlango ghafla. Alikuwa peke yake, amesimama mbele ya madawati matupu, chaki mkononi. Aliponiona aliufunika ubao kwa kitambaa haraka, akaweka mkono kifuani, akainama. Nilichungulia nyuma ya mlango. Nilichungulia mpaka chini ya dirisha kwa nje, nikidhani kuna watoto wameruka. Hakukuwa na nyayo.

Basi matokeo ya mtihani wa muhula yakatoka. Darasa la sita, ambalo miaka yote hesabu kwao ni msiba, liliongoza. Hata wale wa dawati la nyuma, tuliokuwa tukiwaita mizigo, walifaulu. Tungefurahi, lakini hatukufurahi. Msaidizi wa mwalimu mkuu, ambaye tunamwita Rula kwa jinsi anavyotembea amenyooka, alisema nyota njema huonekana asubuhi, lakini ng'ombe aliyekonda hanenepi kwa usiku mmoja. Alisema mtihani umevuja, na aliyeuvujisha anajulikana. Hapo ndipo nikafungua mdomo, nikaeleza niliyoyasikia ukutani, kwamba kuna masomo ya siri asubuhi, na watoto wanafichwa nisiwaone. Nilieleza kwa ufasaha, Mama. Unajua mwanao kwa maneno hajambo.

Mwalimu mkuu ni mama mtu mzima asiyependa kelele. Aliitisha kikao, akamwambia Bwana Maboksi kwa upole atueleze anavyofundisha na anachofanya asubuhi. Yule bwana alisimama. Akafungua mdomo. Mshipa wa shingo ukamtoka, jasho likamtiririka, midomo ikacheza, sauti haikuja. Tulikuwa tunamtazama kama watu wanaotazama mwizi akitafuta uongo. Rula akasema, "Mwenye haki hakosi ulimi." Wengine wakadakia, kila mtu na lake, kelele zikajaa. Yule bwana akakaa chini. Akaambiwa abaki nyumbani mpaka uchunguzi uishe, akatoa ufunguo wa lile kufuli mfukoni, akauweka mezani taratibu, akaondoka.

Darasa lake nikapewa mimi. Kwa kuwa niliyajua mambo yake, walisema, nichunguze na watoto wenyewe.

Nilifungua kabati. Katika boksi la kwanza kulikuwa na vipande vya karatasi ngumu vilivyokatwa kwa mkasi kwa unadhifu wa ajabu, vingine nusu, vingine theluthi, vingine robo, vingine moja ya tano, vimefungwa mafungu mafungu, kila dawati fungu lake. Juu yake kulikuwa na andalio la somo la siku ile. Sikuwahi kuona andalio kama lile. Yetu sisi tunaandika ili mkaguzi akija akute kitu. Lake lilisema hivi: "Ukiuliza nusu jumlisha theluthi, watajibu mbili ya tano. Usiwakatize. Wape vipande, wapime wenyewe."

Nikauliza. Darasa zima likajibu kwa sauti moja: mbili ya tano.

Shaka ikazidi. Nikajisemea, huyu mtu amewakaririsha hata makosa! Lakini nikafuata alivyoandika, nikagawa vipande. Wakaanza kuvilaza juu ya madawati, nusu ikifuatiwa na theluthi, halafu chini yake mbili ya tano. Msichana mmoja mwenye misuko miwili ya nywele akainuka, akasema kwa mshangao wa kweli kwamba haiwezekani, jumla imekuwa ndogo kuliko nusu peke yake. Mwingine akasema basi njia yetu mbovu. Wakaanza kubishana, wakavikata upya vipande vyote viwe vya moja ya sita, na kabla sijatia neno walikuwa wameifikia tano ya sita, wamejaa furaha kama watu waliookota mali. Mimi nilikuwa nimesimama tu. Somo lile mimi huwa nalifundisha kwa kupiga kelele, na wiki inayofuata nalirudia kwa kelele zaidi.

Hata hivyo sikukubali kushindwa. Unajua mimi nafundisha kama wewe, naingia na kipande cha chaki, mengine yanakuja yenyewe. Nikafuta ubao, nikatunga maswali yangu papo hapo, ambayo hayawezi kuwa yamevuja kwa sababu hata mimi sikuyajua dakika iliyotangulia. Wakayajibu. Swali la mwisho nikaandika kwamba mtungi una maji theluthi mbili, ukaongezewa maji nusu ya mtungi, je, sehemu gani imebaki tupu? Wakaandika, wakafuta, wakatazamana. Nikaanza kutabasamu, nimewapata. Ndipo yule wa misuko miwili akanyoosha mkono kwa adabu zote akasema, "Samahani mwalimu, maji yatamwagika."

Nilihesabu kichwani. Yatamwagika kweli. Mwalimu aliyekuja kuwaumbua aliumbuka yeye.

Sasa sikiliza, Mama, hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Nilimwita kijana wa dawati la nyuma aeleze jibu lake. Akasimama, akaanza, akakwama, neno likamgomea. Nilingoja kicheko, maana watoto wa darasa la sita hawana huruma. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenyoosha mkono kumpora nafasi. Walikaa wametulia mpaka akalipata neno lake, akamaliza, akakaa. Nikawauliza wamejifunza wapi adabu hiyo. Yule msichana akanijibu kama anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua: "Humu tunasubiriana, mwalimu. Hata mwalimu wetu tunamsubiri."

Nikauliza mnamsubiri kwa nini. Akanishangaa. "Ana kigugumizi. Kwani hamjui?"

Kalamu iliniponyoka. Sisi watu wazima, tunaokunywa naye chai meza moja, hatukujua. Watoto walijua siku ya kwanza, kwa sababu aliwaambia mwenyewe.

Jioni hiyo nilikwenda kwake. Anaishi chumba cha nyuma ya duka la mkewe, fundi cherehani, na vile vipande vyote alivikata kwa mkasi wa mkewe mpaka ukawa butu, mama wa watu akalalamika mbele yangu. Bwana mwenyewe alinikaribisha kwa mkono kifuani, nami safari hii nikauelewa ule mkono. Mkewe ndiye aliyenieleza. Alisema tangu utotoni maneno humgomea mumewe akishtukizwa, lakini alilolisema mara kadhaa peke yake hutoka kama maji. Kwa hiyo hujisomesha somo zima asubuhi, anatafuta wapi ataanguka, neno gumu analiacha anachukua jepesi. Na katika kujiuliza yeye atakwama wapi, akaanza kuona watoto nao watakwama wapi. "Alianza kwa ajili ya ulimi wake," akasema, "siku hizi anafanya kwa ajili yao. Ubao anaufunika ili wasione jibu kabla ya swali."

Niliwaomba radhi wote wawili. Bwana akajitahidi kunijibu, ikachukua muda, nami nikakaa kimya nikakumbuka jambo: wewe ukiosha vyombo, midomo ikicheza bila sauti, sisi tukicheka kwamba Mama anaongea na sufuria. Je, ulikuwa unaandaa somo? Kile kipande cha chaki nilichokuwa nakisifia, kumbe nyuma yake kulikuwa na sufuria zote zile? Nijibu kwa kweli, usinifiche.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikamwambia yote, na la kwangu la ukutani nikalifuta mbele yake. Nikamwomba kikao kirudiwe, ila bwana apewe maswali mapema. Rula akapinga, akasema mtuhumiwa akijua maswali ataandaa uongo. Mwalimu mkuu akamtazama sana, kisha akamuuliza yeye mara ya mwisho kuandaa chochote ilikuwa lini.

Tulikutana katika darasa la sita, sisi tumekalia madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao, yeye amesimama mbele ya ubao wake. Alitufundisha. Namna alivyofundisha ndiyo ilikuwa utetezi wake, alitupitisha katika somo moja tangu swali la kwanza, akatuonyesha wapi tutakosea, tukakosea hapo hapo, mwalimu wa jiografia akiwa wa kwanza. Sauti yake haikukwama hata mara moja. Nilimwona mwalimu mkuu akinakili jambo, na nikamwona Rula amekunja uso bado anatafuta tundu.

Mwisho Rula akauliza swali ambalo halikuwamo kati ya yale aliyopewa. Kama ni hivyo, kwa nini siku zote hizi hukutuambia?

Bwana akafungua mdomo. Mshipa ukatoka. Nilitaka kumjibia, nikajiuma ulimi. Mwalimu mkuu akainua kidole, asiseme mtu. Tukakaa. Nje mtoto wa zamu alikuwa anafagia, ufagio ukasikika, ukanyamaza, ukasikika tena. Halafu neno likaja, vipande vipande, lakini likaja lote:

"M-mlikuwa... mnaongea."

Hakuna aliyecheka, ingawa naapa alitaka tucheke, maana yeye mwenyewe alitabasamu.

Amerudi kazini. Rula hajaniamini mpaka leo, anasema yule bwana ameficha kitu kingine, na pengine atakufa na shaka yake. Mimi sasa nafika mapema kama jirani yangu. Naandika maswali yangu, nayajibu mwenyewe, nayaona yanapomwagika kama ule mtungi, nayarekebisha. Tukiwa kila mtu upande wake wa ukuta, shule ikiwa bado tupu, tunaongea na madawati. Juzi nimemsikia mlinzi wa geti akimnong'oneza mwalimu wa jiografia kwamba sasa wamekuwa wawili.

Msalimie Baba, na shangazi akija mwambie kitambaa chake kipo, fundi cherehani yule nimemkabidhi akishone. Kaka asikudanganye kwamba simuulizii, namuulizia. Mwenyezi Mungu alilinde goti lako na alainishe moyo wa huyo daktari.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako.