Sindano Iliyoruka Kila Alasiri

Matemwe, Jumatano, kumi la pili la Ramadhani, 1958

Alhamdulillahi, nimetakasika na tuhuma. Tangu mwezi uandame, kila alasiri sindano yetu ya kupimia usumaku wa dunia inaruka. Vipimo vinapelekwa Ulaya kulinganishwa na vya nchi nyingine, na huko kwengine kote sindano zimetulia. Yule mtaalamu wa Kizungu aliyekuja kutukagua akawa ananitazama kama mtu anayetunga vipimo kitandani. Niliogopa kufukuzwa, basi.

Kibanda cha sindano tulikijenga kwa mawe na makuti, bila msumari hata mmoja, maana chuma huivuruga sindano. Hata funguo zangu naziacha mbali.

Leo ilipoanza kuruka nikatoka, nikazunguka nyuma. Nikamkuta mama mkwe wangu, Bi Zuwena, na jirani zake wawili, wameegemea ukuta penye kivuli, kila mmoja juu ya mbuzi yake, wanakuna nazi za futari.

"Shikamoo, mama. Hizo mbuzi zina meno ya chuma."

"Marahaba. Ulitaka tukune kwa kucha?"

Walipohama, sindano ikatulia. Mzungu akacheka mpaka akakaa chini. Radhi hakuniomba, na hilo bado linanikera.

Magharibi Bi Zuwena akatuletea muhogo wa nazi, sahani ya Mzungu na yangu.

"Na hao wa nchi nyingine," akaniuliza nilipomweleza kuwa sindano zao hazikuruka, "wao hawafuturu?"