Kiti cha Yusufu

Jumamosi, 3 Mei

Darasa la watoto kanisani limejaa mpaka mlangoni! Mwezi huu tunafundisha Yusufu. Habari ya mke wa bwana wake nimeiruka kijanja, hawa ni watoto wa miaka mitano, sita. Nimesema tu alisingiziwa, akatupwa gerezani, na hakumwacha Mungu.

Nimewabunia mchezo. Kigoda changu cha kushonea nimekibeba kutoka dukani, sasa ni Kiti cha Yusufu. Mtoto anakaa, wenzake wanamsingizia. Umekula sabuni! Umemnyoa paka wa jirani! Yeye haruhusiwi kubisha. Anasema "Mungu anajua," basi, ananyamaza. Kidoti, binti wa mkunga, yule mwenye alama shavuni, alikaa kimya mpaka wenzake wakaishiwa uongo. Nikampigia makofi.

Dada Maua, mwalimu mwenzangu, alikuwa anapanga maua ya ibada. Ndiyo kazi yake kila Jumamosi, ndiyo maana ya jina. Chombo cha maua, kimejaa maji pomoni — akakiweka juu ya kinanda! Nikamwambia, shoga, si hapo. Akacheka, eti nimeanza uzee mapema, atakitoa sasa hivi. Tumejuana tangu tuna mapengo mdomoni. Nilikuwa na nguo ya mteja, nikamwachia ufunguo wa ukumbi, nikaondoka.

Jumapili, 4 Mei

Kinanda kimekufa.

Mume wa Dada Maua ndiye mpiga kinanda. Alibonyeza, kikalia mara moja kama mbuzi mwenye mafua, kikanyamaza. Akakiinamisha. Maji yakachuruzika mpaka kwenye viatu vyake. Na juu yake kilikuwa kimefunikwa vizuri na kile kitambaa nilichokishona mimi, kona zote zimenyooka.

Mzee Ukimya, mkuu wa wazee wa kanisa (tunamwita hivyo kwa sababu hanyamazi), akauliza nani alikuwa na ufunguo jana. Macho yote kwangu. Asubuhi Dada Maua alikuwa amenirudishia mkononi, bila neno. Basi wakamaliza wenyewe: watoto wangu wamemwaga maji, mimi nimefunika, nimejikausha kama sijui lolote.

Nilimtazama Dada Maua. Alikuwa anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Kitabu hicho anakijua kwa kichwa!

Nilinyamaza. Nilidhani ananisubiri mpaka tutoke nje, aseme kwa utulivu.

Jumatatu, 5 Mei

Sikungoja. Nimemfuata kwake asubuhi, kabla sijafungua duka. Mumewe alikuwa ameshatoka.

Hakukana. Alilia hata kabla sijakaa. Chombo alikiangusha wakati anakitoa, akapangusa kinanda, akafunika, akaomba Mungu kikauke usiku. Mumewe amekinunia kinanda chenyewe, je, yeye? Hatalala humo ndani. Nikasema, basi sema tukiwa wote, nitasimama na wewe. Akanishika mikono. Alhamisi kwenye kikao cha wazee atasema, ameapa.

Nikiwa mlangoni akaongeza: wewe huna mume wa kukununia. Halafu wewe una imani kubwa, hata ikichelewa kidogo utavumilia.

Nimeshona pindo la sketi upande wa nyuma, nikafumua, nikashona tena upande uleule. Huna mume! Kana kwamba nilimzika ili nipate nafasi ya kusingiziwa kwa raha.

Alhamisi, 8 Mei

Amenitosa.

Mbele ya wazee wote. Macho makavu. Mzee Ukimya akamuuliza, ufunguo alibaki nao nani? Akasema mimi. Akasema yeye aliondoka mapema. Akasema — na sauti ikawa laini, ile ya kuombea wagonjwa — kwamba alinionya niwaangalie watoto na vikombe vyao vya maji.

Kumbe aliyeonywa ni mimi!

Nikasema si kweli. Wakaniambia nipunguze sauti. Mumewe akanitazama kwa huzuni kabisa, huzuni safi, masikini hajui lolote. Wakaamua: Jumapili baada ya ibada watatuita mmojammoja, halafu waseme kama naendelea na darasa au la. Hilo darasa ndilo lililonitoa kitandani baada ya msiba. Kinanda watanunua kingine. Wale watoto nitawapata wapi?

Nikitoka Dada Maua akanigusa bega. Nikalitoa bega.

Sijui kama kuna anayeumia kwa adui kama ninavyoumia kwa huyu. Anajua nilivyolia. Anajua hata upande wa kitanda ninaolalia tangu nibaki peke yangu. Na akatumia yote hayo kujua kwamba sitampigia kelele.

Ijumaa, 9 Mei

Mkunga alikuja dukani na sare za kazini, anamburuta Kidoti kwa mkono. Nikadhani amefuata gauni. Wapi!

Shuleni bomba la kunawia limevunjwa. Wenzake wakamnyooshea kidole Kidoti. Mwalimu wa zamu akamuuliza, akasema "Mungu anajua." Akaulizwa tena. "Mungu anajua." Wiki nzima anafagia uwanja kwa kosa la ujeuri. Leo ndipo jirani yake darasani amesema aliyevunja ni mwingine, na Kidoti hata hakuwepo — alikuwa chooni!

Mkunga akaniuliza, mnawafundisha nini huko? Mwanangu amefagia, amepata malengelenge, na kila jioni ananiambia anafurahi kwa sababu anafanana na Yusufu. Kwa nini hakusema alikuwa chooni?

Kidoti akamjibu mama yake, taratibu, kama anayemsaidia mtu mzito kuelewa: kwenye kiti hairuhusiwi.

Niliyatazama yale malengelenge. Nimempaka mafuta, nimemwomba msamaha, yeye na mama yake. Mkunga alipoa kidogo. Hakupoa sana.

Baada ya wao kuondoka nilifungua Biblia nisome upya, taratibu. Na kumbe! Yusufu hakunyamaza. Huko gerezani alimwambia yule mnyweshaji waziwazi kwamba hakufanya lolote la kumtia shimoni, na akaomba akumbukwe. Hapo nimepita mara ngapi? Hakulipiza, hakumlaani mtu, hakumwacha Mungu. Lakini alisema! Kunyamaza nimeweka mimi. Kwa nini niliweka? Kwa sababu mtoto akinyamaza darasa linatulia, basi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimebadilisha sheria ya kiti. Nimewaambia watoto wazi kwamba Mwalimu alikosea. Walifurahi kupita kiasi. Sheria mpya: ukisingiziwa, sema ukweli mara moja, kwa adabu, bila kumtukana mtu. Wasipokuamini, ndipo useme Mungu anajua, na uendelee kuwa mwema.

Kidoti akasema leo zamu ya Mwalimu. Nikakaa. Walidhani watacheka, lakini mmoja, mjukuu wa Mzee Ukimya, akasema aliyoyasikia nyumbani: umeharibu kinanda, ukaficha!

Dada Maua alikuwa mlangoni na maua yake, yanachuruzika.

Nikasema: sikuharibu mimi, wala sikuficha.

Kidoti akaniamini palepale. Halafu akageuka. Sasa zamu ya Dada Maua! Wote wakapiga makofi. Wanampenda, yeye ndiye huwapa maua yaliyobaki.

Akasema ana kazi nyingi. Akayaweka maua chini, sakafuni, akaenda zake.

Jumapili, 11 Mei

Nipo kwenye benchi nje ya ofisi ya wazee. Naandika huku nangoja. Wameanza na yeye. Mumewe pia yumo, yeye ndiye aliyegundua uharibifu. Mlango wa mbao nyepesi, Mzee Ukimya hajui kunong'ona.

Nimepiga moyo konde. Nitasema habari ya chombo, nitasema habari ya ufunguo. Kwa adabu, mara moja. Watoto wako uani na mkunga, wananisubiri. Kidoti amekikalia kigoda changu, hataki mwingine akae.

Sasa mumewe anauliza. Sauti yake imebadilika. Anamuuliza yale maua ya Jumamosi ile aliyaweka wapi. Nani kamwambia? Au amekumbuka mwenyewe? Anauliza tena, polepole: mke wangu, chombo ulikiweka wapi?

Sema, shoga. Nilikwambia nitasimama na wewe. Hata sasa ningesimama, naapa, hata sasa.

Amejibu. Nimesikia vizuri kabisa, kwa ile sauti laini:

"Mungu anajua."

Na mle ndani kuna mtu amesema "Amina."

Mlango unafunguliwa, wananiita —